'Accommodation': Herufi zinazotuponyoka

Ukisafiri katika barabara kuu yoyote humu nchini, si ajabu ukutane na bango la nyumba ya wageni lililoandikwa 'accomodation'. 'M' moja imedondoka. Kwingine ni 'c' iliyopotea. Kosa hili hupenya hadi kwenye barua za kuomba kazi, na wanaolinasa hukimbilia kusema kwamba mwandishi hakusoma. Nadhani wanakosa shabaha.

Kiswahili kimetuzoesha kuandika tunachosikia. Tukiandika 'mmea', 'm' zote mbili hutamkwa. Ya kwanza ni silabi kamili, na ukiiondoa unabaki na kitenzi 'mea'. Ndiyo maana 'office' ilipohamia kwetu ikawa 'ofisi', na 'committee' ikawa 'kamati': herufi za ziada ziliachwa mlangoni. Sikio lililolelewa hivyo likisikia 'accommodation' hupata 'k' moja na 'm' moja tu. Mkono nao hulitii sikio.

Kiingereza, hata hivyo, hakiandiki sauti pekee. Huandika na nasaba. Neno hili asili yake ni Kilatini. Kiambishi 'ad' kilipokutana na 'commodare', yaani kukifanya kitu kifae, 'd' ilimezwa na 'c' iliyofuata; tukapata 'c' mbili. 'M' mbili zilikuwapo tayari, kwa kuwa 'com' iliungana na 'modus'. Sasa tazama 'recommend'. Kiambishi hapa ni 're', hakuna cha kumezwa, basi 'c' ni moja na 'm' ni mbili. Kuna walimu wanaowaambia wanafunzi kwamba 'accommodation' ina nafasi ya kulaza 'c' mbili na 'm' mbili. Sawa, inakumbukika, ila aliyeambiwa hivyo tu atakwama akifika kwenye 'recommend'.

Kuna na suala la wingi, ambalo halizungumziwi sana. 'Malazi' yetu yamo katika ngeli ya YA-YA: malazi haya ni mazuri. Ni rahisi basi kwa anayefikiri hivyo kuandika 'accommodations'. Wamarekani husema hivyo, na ni haki yao. Kiingereza cha Uingereza, ambacho shule zetu hufuata, hulichukulia neno hili kama 'water': halihesabiki. Unapotafuta chumba cha kulala, usiandike 'an accommodation' wala 'accommodations'. Na mwenye bango asiyetaka kusumbuka na haya yote aandike 'Malazi'. Wageni wataingia tu.