Ufunguo wa Maktaba

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI pamoja na wachapishaji wakubwa, Elsevier na Blackwell wakiwemo, ili vyuo vya nchi maskini visome majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata FAO ikaleta AGORA kwa ajili ya kilimo. Leo mipango hiyo imo chini ya jina moja, Research4Life. Sisi tuliofundisha darasa zima kwa kitabu kimoja hatuna haki ya kuubeza ukarimu huo.

Lakini vipawa vya namna hiyo huandamana na mafunzo, nayo ndiyo ninayotaka kuyapima. Mwaka jana nilialikwa kutazama somo moja katika maktaba ya chuo hapa Dodoma. Mkufunzi alitumwa na mchapishaji. Alionyesha kwa upole namna ya kuingiza neno la siri, kuchagua maneno ya kutafutia na kuhifadhi makala. Mwanafunzi mmoja alitafuta habari za ukungu kwenye mizabibu. Akapata makala za Ufaransa na California, akafurahi. Hakuna aliyemwuliza kama mvua ya huko ni kama yetu, wala aliyemkumbusha kwamba Makutupora, kaskazini ya mji huu huu, kuna kituo cha utafiti wa zabibu.

Simlaumu mkufunzi. Mwenye duka hukuonyesha rafu zake. Si kazi yake kukuelekeza kwa jirani. Kosa ni letu tuliomwachia mgeni somo zima. Kufungua jarida hufundishika kwa asubuhi moja. Kuuliza ni nani kaandika, kwa ushahidi gani, kuhusu udongo wa wapi, huchukua miaka ya malezi.

Nasema haya kwa aibu. Nilipoongoza chuo cha ualimu, ufunguo wa maktaba ulikaa mfukoni mwangu. Wakaguzi walinisifu kwamba hakipotei kitabu. Walimu niliowatoa walikwenda Kongwa na Manyoni wakijua kunakili ubaoni, wasijue kukihoji kitabu. Huenda yule kijana alifundishwa na mmoja wao.

Kwa hiyo nashauri: saa ya kwanza ya somo hilo ishikwe na mkutubi wetu na mwalimu wa somo, waanze na swali la mwanafunzi na yale yaliyoandikwa hapa nchini. Mgeni apewe saa ya pili.