Buli la Chokoleti: Tashbihi ya Kigeni katika Nchi ya Majani Chai

Katika zoezi moja la insha nililosahihisha hapa Silibwet, Bomet, mwanafunzi wa kidato cha tatu alimsawiri mlinzi aliyelala zamu nzima huku ghala likiibwa. Aliandika: "Mlinzi yule alikuwa bure kama buli la chokoleti." Nilicheka, kisha nikapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Huu si Kiswahili." Baadaye nilijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: kosa la mwanafunzi yule lilikuwa lipi hasa?

Tuanze na maana. Msemo huu ni wa Waingereza, nao hutumiwa kumrejelea mtu au kitu kisichofaa hata kidogo. Ucheshi wake hautokani na uduni wa chokoleti, kwani chokoleti ni tamu na ghali. Unatokana na ukinzani. Kazi ya buli ni kupokea maji yaliyochemka, ilhali chokoleti huyeyuka katika joto linalokaribia lile la mwili wa binadamu. Kazi ya chombo ndiyo inayokiangamiza. Mnamo 2014, wataalamu wa chokoleti mjini York, Uingereza, walitengeneza buli la chokoleti lililostahimili maji moto kwa muda wa dakika mbili hivi. Hata hivyo, msemo haukufa. Nguvu ya tashbihi haitoki katika maabara bali katika mazoea ya watu.

Suala la mazoea ndilo linalotuhusu. Silibwet imo katika nchi ya majani chai, na wakulima wadogo wa Bomet hupeleka majani mabichi katika viwanda kama vile Kapkoros na Tirgaga. Lakini aghalabu hatupiki chai kwa buli. Maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa pamoja sufuriani, kisha chai ikatiwa katika chupa ya kuhifadhi joto. Neno buli lenyewe wanafunzi wengi hulikuta kamusini. Basi msomaji wa hapa hulazimika kufundishwa kwanza desturi ya Mwingereza ndipo acheke, na kichekesho kinachohitaji maelezo kimekwisha kupoa.

Walimu wengine humshauri mwanafunzi atumie badala yake "kutwanga maji kinuni", "kuchota maji kwa pakacha" au "kumpigia mbuzi gitaa". Ushauri huu haufai. Misemo hiyo yote husuta kitendo. Kinu ni kizima, pakacha ni zuri kwa kazi yake, na mbuzi hana hatia. Mjinga ni yule anayejisumbua. Buli la chokoleti, kinyume chake, husuta chombo chenyewe.

Nayo misemo yetu inayomlenga mtu ina mipaka yake. "Debe tupu" humsuta mwenye maneno mengi yasiyo na maana. "Hana mbele wala nyuma" huelekea zaidi kwenye ufukara. "Kitumbua kimeingia mchanga", msemo ambao Said Ahmed Mohamed aliufanya anwani ya tamthilia yake, huhusu jambo lililokuwa zuri likaharibika, wala si lile lisilofaa tangu mwanzo. Anayekaribia zaidi ni "si lolote si chochote", lakini msemo huu hauna taswira.

Nilimrudishia mwanafunzi insha yake na kumwuliza, "Ni chombo gani cha hapa kwetu ambacho kasoro yake hudhihirika kazini?" Siku ya pili aliniletea sentensi hii: "Mlinzi yule alikuwa kama kapu la kuchumia chai lisilo na kitako."

Tuichanganue. Mchuma chai hubeba kapu mgongoni na kutupia majani nyuma bila kutazama. Kapu lisilo na kitako litamfuata shambani kama kapu lingine lolote, na hasara itadhihirika mbele ya mizani. Ndivyo alivyo mlinzi alalaye: yupo zamuni, sare anayo, na hasara hujulikana kunapopambazuka. Tashbihi hii inamfaa mhusika kuliko ile ya buli, kwa sababu chokoleti huyeyuka mbele ya macho ya mnywaji, ilhali mlinzi huyu alihadaa kwa kuonekana.

Basi nilikosea kuandika "Huu si Kiswahili." Sarufi ya sentensi ile ilikuwa sahihi, na ugeni pekee si kosa: neno buli lenyewe tulilikopa kwa Wareno. Udhaifu ulikuwa katika kuchukua taswira bila kupima kama hadhira inaimiliki. Mwalimu asipotofautisha kosa na udhaifu, mwanafunzi jasiri hunyamaza na kurudia misemo aliyokariri, hata pale isipofaa.

Mtahiniwa, kabla ya kuandika tashbihi ya dharau jiulize mambo matatu. Je, ninamsuta mtu, kitu au kitendo? Je, msomaji wangu anakijua chombo ninachokitaja na kazi yake? Je, kasoro ya chombo hicho inafanana na kasoro ya mhusika wangu?

Zoezi
1. Tofautisha "debe tupu" na "si lolote si chochote" kwa kutungia kila mmoja sentensi.
2. Buni tashbihi mbili za kumsuta kiongozi asiyewajibika, ukitumia vifaa vya kazi vya kijijini kwenu. Eleza ufaafu wake.