Kikaratasi cha dawa kinataja kila kitu, halafu kinakuacha peke yako

Msomaji, kama una boksi la dawa hapo karibu, hebu lifungue. Ndani kuna kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi hadi kinafanana na hirizi. Wengi wetu tunakitupa. Leo kikunjue, maana nataka tukihakiki kama tunavyohakiki kitabu: kimeandikwa kwa ajili ya nani, na je, kazi yake kinaifanya?

Nina sababu ya kuuliza. Shangazi yangu alianzishiwa amlodipini, dawa ya presha. Kwenye bahasha ya dawa waliandika "1×1", basi. Wiki chache baadaye vifundo vya miguu vikaanza kuvimba. Akamwomba mwanae aliye sekondari amsomee kile kikaratasi, Kiingereza kitupu na herufi za kutesa macho. Kijana akatafsiri: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuvimba miguu, ini, shambulio la moyo... "Mwanangu, inatosha," shangazi akasema. Akaacha vidonge kimyakimya. Miezi minne baadaye presha yake ilikuwa 190 kwa 110, na alikuwa anajisikia mzima kabisa. Presha haipigi hodi. Ndiyo ubaya wake.

Kwa haki yake, kikaratasi hakikudanganya. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayoirudisha hailegei kwa kiasi hicho. Msukumo unaongezeka kwenye vimishipa vyembamba vilivyo katikati, maji yanavuja, mguu unavimba. Tatizo hili linajulikana sana, mara nyingi huendana na ukubwa wa dozi, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Hayo ndiyo shangazi alihitaji kusikia. Badala yake alipewa foleni moja ambamo mguu kuvimba na shambulio la moyo vimesimama bega kwa bega.

Udhaifu mwingine uko kwenye maneno. Kwenye vikaratasi vinavyofuata utaratibu wa Ulaya, dhara "la kawaida" ni lile linalompata mtu 1 hadi 10 kati ya 100. "Nadra sana" ni chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Sasa wewe ukisikia "la kawaida" unaelewa nini? Unaelewa kwamba litakupata na wewe. Kumbe kati ya watu 100, angalau 90 hawalipati.

Halafu kuna jambo ambalo vikaratasi vingi havisemi: ni wangapi wangeumwa kichwa hata bila kumeza dawa hiyo? Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la watu 60 walioacha statini, dawa za kupunguza lehemu kwenye damu, kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mmoja walipangiwa miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa bila kujua kipi ni kipi, na miezi bila kidonge chochote. Takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini ulijitokeza pia kwenye vidonge visivyo na dawa. Hawakuwa wanasingizia. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mengi yalitoka kwenye kule kuyategemea.

Usinielewe vibaya, miguu ya shangazi haikuwa mawazo tu. Ndiyo maana simwambii mtu "puuza madhara." Ninacholaumu ni orodha isiyokusaidia kutofautisha.

Na bahasha? Yenyewe ina kosa la upande wa pili. "1×3" haikwambii ni kila baada ya saa 8, wala kama unakula kwanza. Na si kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Tazama pakiti za ALu, dawa ya malaria: nyingi zina michoro ya vidonge vya kila siku. Mtu mzima anameza 4, vingine 4 baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili, jumla 24. Hata asiyejua kusoma anaweza kuufuata mchoro.

Kikaratasi ninachokitaka kingekuwa na mafungu matatu tu juu kabisa, kwa Kiswahili: haya vumilia, yataisha, haya rudi kliniki, lakini dawa usiache, haya acha na ukimbilie hospitali, kwa mfano kuvimba uso, midomo au ulimi, au kushindwa kupumua. Orodha ndefu ibaki chini kwa anayeitaka.

Mpaka hicho kiandikwe, mafungu hayo matatu yageuze yawe maswali, umuulize mfamasia kabla hujaondoka dirishani, hata kama foleni nyuma yako inaguna. Na ukipata dhara, mwambie aliyekupa dawa akusaidie kutoa taarifa. Kwa hapa Tanzania taarifa hizo hupokelewa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Shangazi alibadilishiwa dawa, miguu ikanywea. Mazungumzo na daktari yalichukua kama dakika tano. Hizo dakika tano ndizo zilizokosekana siku ya kwanza.