Mkono Ulioshika Antena

Waliokulia enzi za televisheni za chogo wanaijua kazi hii. Mtoto anatumwa nje kwenye mlingoti, anageuza antena huku ndani wakipaza sauti: "Bado! Bado! Hapohapo, usiguse tena!" Akiiachia, picha inapotea. Akiishika, inarudi. Nilisimama hivyo jioni nyingi mpaka taarifa ya habari ikaisha, nikijiuliza mkono wangu una nini.

Jibu nililipata ukubwani. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi, na mawimbi ya redio hayapiti karibu nao bila kuguswa. Anayeshika antena huwa sehemu ya antena. Pale mlingotini hilo lilikuwa jambo la dakika chache. Kwa wanaosanifu antena za saa, vifaa vya kusikilizia na vipimo vya sukari vinavyobandikwa mwilini, ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza kuna shida ya nafasi. Vifaa hivi huongea na simu kwa Bluetooth, kwenye gigahezi 2.4 hivi. Wimbi la hapo lina urefu wa sentimita 12.5, na antena ya kawaida hutaka robo yake: sentimita 3 na ushei. Saa nzima ina upana wa sentimita 4, tena imejaa betri, kioo na saketi. Basi fundi huupindapinda utepe wa shaba ukingoni, kama mshono wa kofia ya vito. Hata hivyo deni liko palepale. Wahandisi Harold Wheeler mwaka 1947, na Lan Jen Chu mwaka 1948, walionyesha kwa hesabu kwamba antena ikifanywa ndogo mno hulipia udogo wake: hubanwa kwenye masafa membamba, au nguvu yake huishia kuwa joto. Usanifu mzuri ni kujua ulipe wapi.

Ninachokipenda zaidi ni pale mezani pa fundi. Antena imeungwa kwenye kifaa cha kupimia, na kioo kinachora mstari wenye bonde. Bonde hilo ndipo nguvu inapotoka kwenda hewani badala ya kurudi ilikotoka. Fundi anakata shaba kwa wembe, nusu milimita tu, na bonde linasogea kulia. Anakata tena, linatua panapotakiwa. Kisha anaifunga mkononi, na bonde lote linateleza kushoto. Haulaumu mkono. Anaanza upya, safari hii akipima antena ikiwa imevaliwa, kwenye kifundo cha mkono chembamba na kinene, kikavu na chenye jasho.

Fundi cherehani mzuri hafanyi vingine: hakati kitambaa kabla ya kumpima mvaaji. Na mafundi hawa wawili wameshakutana. Mwaka 2016 watafiti wa Ohio State University, Asimina Kiourti na John Volakis, walitarizi antena kwenye kitambaa kwa cherehani na uzi wa metali, kwa usahihi wa sehemu moja ya kumi ya milimita.

Siku hizi mama yangu ana kipimo cha sukari nyuma ya mkono, chini kidogo ya bega. Anafua, anakanda unga, anabeba wajukuu, na namba zinaingia kwenye simu yake. Hakuna anayemwambia asiguse.