Tangi la Samaki wa Dhahabu Moshi: Hesabu Ianze na Chakula

Mara nyingi anayeanza kufuga samaki wa dhahabu hurudi nyumbani na vitu vitatu: samaki wawili wenye urefu wa kidole, kikopo cha chakula, na bakuli la kioo la lita kumi hivi. Bakuli linapendeza mezani, nalo ndilo litakalowaua. Samaki hawa wakitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20, na Tish wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1999, alifikisha miaka 43. Wanaokufa ndani ya wiki mbili watu husema ni dhaifu. Si kweli. Wanauawa na sumu inayotoka katika miili yao wenyewe, kwa kuwa maji waliyopewa hayatoshi kuizimua.

Sumu hiyo ni amonia. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Chakula hupita moja kwa moja kwenye utumbo, ndiyo maana haishi kutafuta cha kula. Protini anayoila, sehemu isiyojenga mwili hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia. Wafugaji wa samaki wa kibiashara wana hesabu yao: gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40 huzalisha takriban miligramu 37 za amonia, ikipimwa kama nitrojeni. Samaki wawili wa sentimita 10 hula kama gramu moja kwa siku. Gawanya sasa. Kwenye bakuli la lita 10, kila lita inapokea miligramu 3.7 kwa siku moja. Kwenye tangi la lita 54, yaani sentimita 60 kwa 30 kwa 30, inapokea 0.7. Kwenye tangi la lita 162 inapokea 0.23. Samaki ni walewale na chakula ni kilekile.

Chujio hupunguza mzigo huo kwa sababu ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Lakini bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana hadi kutosha, na umeme ukikatika kwa saa nyingi maji yanaacha kupita kwenye chujio na bakteria wanaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Kwa hiyo lita za ziada si anasa. Ndizo zinazowalinda samaki wakati chujio bado changa au limesimama.

Wachagga walikuwa na hesabu ya namna hii kabla ya mabomba. Maji ya mfongo, yaani mfereji wao wa kumwagilia, yaliyoingia usiku yalikusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la kuyahifadhi, kisha yakafunguliwa mchana kumwagilia mashamba kwa zamu. Mfongo unaoleta lita moja kwa sekunde hujaza lita 36,000 kwa saa kumi; nduwa ndogo kuliko hapo ingefurika kabla ya alfajiri. Ukubwa ulitokana na kinachoingia na muda wa kukihifadhi. Tangi la samaki nalo lipimwe hivyo, na kinachoingia ni chakula.

Kanuni inayopotosha kuliko zote ni ile ya kuhesabu sentimita za samaki kwa lita za maji. Urefu ukiongezeka mara mbili, uzito huongezeka karibu mara nane. Samaki wa sentimita 5 ana gramu tatu hivi. Akifika sentimita 10 anakaribia gramu 25, na akifika 20 anaweza kufika gramu 200. Anayepima kwa urefu siku ya kununua anamjengea mtoto nyumba ambayo mtu mzima hataweza kugeuka ndani yake.

Hapo tunafika kwenye suala la Moshi yenyewe, ambalo vitabu vya Ulaya havimsaidii msomaji wetu. Maji yenye joto hushika oksijeni kidogo, na kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi na oksijeni ndani ya maji inapungua zaidi. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 10. Maji ya nyuzijoto 27 mjini Moshi hushika takriban miligramu 7.2 za oksijeni kwa lita. Dar es Salaam, maji ya nyuzijoto 29 hushika 7.7. Maji ya Moshi ni baridi kuliko ya Dar na bado yana oksijeni kidogo zaidi! Mlimani mambo hubadilika tena: Marangu, kwenye mita 1,500 hivi, maji ya nyuzijoto 18 hushika karibu 7.9, kwa kuwa ubaridi umefidia mwinuko. Isitoshe, samaki wa dhahabu hustawi zaidi kati ya nyuzijoto 18 na 22, na joto likipanda mwili wake hudai oksijeni zaidi wakati ileile inapopungua. Kwa mtu wa mjini, Januari hadi Machi ndiyo miezi ya kuwa macho.

Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, hivyo upana una maana kuliko kimo. Lita 162 nilizozitaja ni tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 40. Uso wake ni sentimita za mraba 4,050, dhidi ya 1,800 za lile la lita 54. Tangi refu jembamba lenye lita zilezile lingekuwa na uso mdogo zaidi, na ningelikataa hata nikipewa bure. Kioo nacho hubanwa na kina cha maji, si wingi wa lita: maji ya kina cha sentimita 40 husukuma sehemu ya chini ya kioo kwa nguvu kama ya kilo 400 kwa mita ya mraba. Fundi wa vioo mwambie atumie kioo cha milimita 8, aweke vipande vya kufunga kingo za juu, na silikoni iwe isiyo na dawa ya kuua ukungu, kwa maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Meza ibebe kilo 200 bila kuyumba.

Kwa samaki wa aina fupi, wenye mkia uliochanuka na tumbo la mviringo, lita 162 zinawatosha watatu kwa raha. Aina ndefu, wale wembamba wenye mkia mmoja, hufikia sentimita 30, na kwao kioo si makao ya kudumu. Wajengewe kidimbwi cha saruji uani, chenye kivuli cha migomba. Saruji mpya huongeza alkali ya maji, na alkali ikipanda amonia ileile inakuwa kali zaidi, kwa hiyo jaza na kumwaga mara kadhaa kabla ya kuweka samaki.

Wasitupwe mtoni wakishindikana. Maji ya mito Karanga na Weruweru hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, na bonde hilo lina perege wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo anayeitwa kitaalamu Oreochromis jipe, ambaye yuko hatarini kutoweka. Ziwa Chala lina perege wake pekee, Oreochromis hunteri, na tayari anabanana na samaki walioletwa na watu.

Kila wiki badilisha robo ya maji, yaani lita 40 hivi. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo zilizo wazi kwa siku nzima: klorini inatoka, na ubaridi wa maji hayo unakaribia joto la tangi kabla hujamimina.