Aliyeumwa ni Nani? Kasoro katika Lugha ya Kichaa cha Mbwa

Istilahi ya afya haipimwi kwa ufasaha wake tu, bali pia kwa jambo inalomfanya msomaji atende. Kwa kipimo hicho, lugha tunayoitumia kuhusu kichaa cha mbwa ina kasoro mbili zifaazo kusahihishwa.

Ya kwanza imo katika kitenzi. Tuchukue mfano wa tangazo lililobandikwa ukutani Mchikichini, jirani na Kariakoo: "Aliyeumwa apelekwe hospitali mapema." Mchuuzi anayelisoma ataelewaje? Aliyeumwa ni aliyetiwa meno, au ni mgonjwa? Kiswahili charuhusu maana zote mbili. Maneno "na mbwa" yangeondoa utata, lakini mwandishi anayebana nafasi huweza kuyaacha. Katika maradhi mengine hiyo ingekuwa dosari ndogo. Hapa ni hatari, kwa kuwa virusi aghalabu hukaa mwilini miezi miwili au mitatu pasipo dalili, na dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Anayengoja kuugua amekwisha kuchelewa.

Ya pili imo katika jina lenyewe. Neno "kichaa" humfanya mtu amtazamie mbwa mwenye ghadhabu. Kumbe mbwa aliyeambukizwa huweza kuwa na virusi katika mate siku kadhaa kabla ya dalili, na wengine hupooza badala ya kughadhibika. Tena paka, mbweha na fisi nao huweza kuambukiza, ilhali jina lawaacha nje.

Hatupendekezi kulifuta jina lililozoeleka, maana neno geni lingewatatiza wengi. Twapendekeza maelezo yalisaidie. "Aliyeng'atwa au kuparuzwa na mnyama" ichukue nafasi ya "aliyeumwa". Agizo litangulie: kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mhusika aende hospitali bila kungoja dalili. "Chanjo" nayo ifafanuliwe, kwani wengi huijua kuwa kinga ya kabla ya ugonjwa; hii, tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister mwaka 1885, hutolewa hata baada ya kung'atwa.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamelenga kukomesha ifikapo mwaka 2030 vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa. Waganga wana sehemu yao katika kazi hiyo. Sehemu ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni kuhakikisha kwamba tangazo halimfanyi mtu angoje.