Maji ya Kwanza ya Kitenge

Gauni la kitenge likichuja, mwenyewe hulifua peke yake na maisha yakaendelea. Mfarishi wa viraka hauna nafuu hiyo. Humo nyekundu imeshonwa ubavuni mwa nyeupe, bluu nzito imepakana na manjano, na tangu siku ya kushonwa vitaloweshwa pamoja, vitakamuliwa pamoja na kuanikwa pamoja mpaka vichakae. Kiraka kimoja kisichotulia kinatosha kuwapaka majirani zake wote rangi ya waridi ambayo hakuna aliyeiagiza. Kwa hiyo nikitaka kuwasifu mafundi wa Kasese na Bwera, nchini Uganda, wanaounganisha masalio ya vitenge kuwa matandiko ya kitanda, sianzii kwenye cherehani. Naanzia kwenye karai la maji.

Bwera ni mji wa vitambaa kwa sababu ya mpaka. Ukivuka mto Lhubiriha uko Kasindi, nchini Kongo, na siku za gulio pale Mpondwe watu wa pande zote mbili hukutana juu ya ndizi, samaki, kahawa, maharage na nguo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule husikilizana kwa lugha zao bila taabu. Kiswahili huingia pale mgeni anapotia mkono kwenye bei. Kitenge kizima huja kimekunjwa, yadi 6, kina gundi na mng'aro wa kiwandani. Kikishakatwa gauni, kikakatwa na shati la mume, chini ya meza hubaki vipembe na vijiti vya kitambaa, na hivyo ndivyo mali ya mshonaji wa mfarishi. Hachagui kiwanda. Katika gunia moja la masalio mna waksi ya kweli, ambayo rangi yake imepenya ikaonekana sawa mbele na nyuma, na mna vitenge vya bei ndogo vilivyopigwa chapa upande mmoja, nyuma vimepauka kama picha iliyokaa dirishani. Fundi mzoefu akipokea kipande hukigeuza kabla hata ya kutazama ua lililochorwa.

Pamba yenyewe si ngeni Kasese. Inalimwa kwenye tambarare zake zenye joto, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyakatonzi kimeichambua kwa miaka mingi. Jinja nako, tangu miaka ya 1950, kulikuwa na Nytil iliyofuma na kupiga chapa vitambaa ambavyo wazazi wetu walivaa. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huondoka nchini ingali nyuzi ghafi, na kinachorudi sokoni ni nguo iliyotiwa rangi mbali, na mtu asiyejulikana, kwa rangi isiyotajwa popote kwenye ukingo wa kitambaa. Fundi anarithi kazi ya mtu huyo pamoja na uvivu wake.

Uvivu wenyewe ndio huu. Rangi zilizo nyingi leo kwenye pamba ni zile zinazoshikana na uzi kwa muungano wa kikemikali. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilizileta sokoni mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese kufuata shaba ya Kilembe. Rangi ya namna hiyo ikishaungana na uzi, maji hayaing'oi kirahisi. Ila si yote inayoungana. Sehemu yake, na katika rangi nzito sehemu hiyo si ndogo, huungana na maji humohumo kiwandani badala ya uzi. Ikishafanya hivyo imepoteza uwezo wake. Inabaki imejibanza tu katikati ya nyuzi, ikingoja maji mengine. Kiwanda makini huisuuza kwa maji ya moto, tena na tena, mpaka iishe. Kiwanda kinachobana maji na kuni hukunja kitambaa na kukiuza. Kazi iliyorukwa huko humaliziwa Bwera.

Kuna na rangi za zamani zaidi, ambazo haziungani na uzi kabisa, zinauegemea tu. Ya kwanza ya ukoo huo kwa pamba inaitwa, amini usiamini, nyekundu ya Kongo. Mkemia Mjerumani Paul Böttiger aliigundua katika miaka ya mwanzo ya 1880, na kampuni ya AGFA ya Berlin ikaanza kuiuza mwaka 1885, wakati jina la Kongo likiwa kwenye kila gazeti la mji huo kwa sababu ya mkutano wa mataifa ya Ulaya uliokuwa ukipanga mambo ya Afrika. Haikutoka Kongo na haikuwa na uhusiano wowote na Kongo. Jina lilikuwa linauza. Ilikuwa rangi rahisi, ya kuchovya pamba moja kwa moja bila dawa ya kushikisha, na ilichuja vibaya, na tindikali kidogo iliigeuza kuwa ya bluu. Kila nikiona lundo la vitenge vyekundu likivushwa kutoka ng'ambo ya Lhubiriha naikumbuka kampuni ile ya Berlin.

Sasa chumvi. Muulize mtu yeyote, Kasese au Mombasa au Unguja, namna ya kuzuia nguo isichuje, jibu litakuwa chumvi kabla hujamaliza swali. Leso mpya na kanga mpya zimeloweshwa kwenye maji ya chumvi vizazi na vizazi. Na Kasese ina haki ya kuitetea chumvi kuliko wilaya nyingine yoyote ya Uganda, kwa kuwa ziwa Katwe liko kwake: ziwa la kreta lisilo na mto wa kutoka, ambalo watu wamechota chumvi yake kwa karne nyingi, wakaipeleka Toro, Ankole na Kongo. Chumvi hiyo si moja. Ndani ya maji yake mna chumvi ya kawaida, mna salfati, mna na magadi. Ajabu ni kwamba vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyomo katika ghala la kiwanda chochote cha kutia rangi pamba. Chumvi na salfati huisukuma rangi itoke majini ikae kwenye uzi; magadi ndiyo yanayoifanya iungane nao.

Kwa hiyo bibi zetu hawakuota. Chumvi kweli inaishikisha rangi kwenye pamba. Shida ni kwamba inashikisha bila kufunga. Uzi wa pamba na rangi, vikiwa majini, husukumana kidogo. Chumvi huondoa msukumano huo, na ile rangi iliyolegea inatulia juu ya uzi. Mfuaji anatazama beseni, maji ni meupe, anafurahi. Wiki ijayo anafua kwa maji ya kawaida, chumvi haipo, na rangi iliyokuwa imetulia inaondoka kana kwamba haikuwahi kuwekwa. Magadi nayo yamechelewa: rangi iliyokwisha kuungana na maji haina tena mkono wa kuushika uzi. Nasema hili bila kuidharau Katwe. Chumvi inafaa pale unapotaka gauni lisimwage rangi leo, kwa mfuo huu mmoja. Kwa mfarishi ni mbaya zaidi ya kutotumia kitu, kwa sababu inaficha aibu mpaka kiraka kimeshashonwa.

Siki je? Siki ni dawa ya sufu na hariri, ambazo rangi zake hupenda tindikali. Pamba haina habari nayo. Anayemimina siki kwenye kitenge anapoteza siki.

Hapa ndipo sifa yangu ilipo. Mafundi ninaowasifu wameacha kuibembeleza rangi ibaki. Wanaifukuza. Rangi isiyo na pa kukaa itatoka tu, basi na itoke sasa, kila kipande kikiwa peke yake, kabla ya sindano. Wanalowesha kila rangi mbali na mwenzake, kwenye maji ya moto yanayotoa mvuke, ambayo hugeuzwa kwa kijiti kwa kuwa mkono haukai. Sabuni ya mche iliyokwanguliwa kidogo. Maji yanageuka mekundu, yanamwagwa. Mengine. Yanageuka ya waridi, yanamwagwa. Mengine tena. Msichana anayejifunza huchoka mapema. Nilimsikia mmoja Bwera akiuliza, "Mama, hiki si kimekwisha?" Mwalimu wake hakuinua macho kutoka kwenye mshono. "Usiniulize mimi, mwanangu. Kiulize kile cheupe."

Kile cheupe ni kipande cha kitambaa cha pamba kisicho na rangi, shahidi wa kila karai. Kinawekwa humo pamoja na kitenge katika maji ya mwisho. Kikitoka kimepata rangi, kazi inaendelea. Kikitoka kama kilivyoingia, kitenge kinakamuliwa, kinalazwa juu ya shahidi huyohuyo kingali kibichi na kupigwa pasi ya makaa, kwa sababu joto na unyevu pamoja hutoa siri ambazo maji peke yake hayakuzitoa. Kipande kinachopita mtihani wa pasi kinaruhusiwa kukaa karibu na nyeupe. Kinachokataa mara kwa mara kinatolewa kwenye mfarishi, kinakuwa bitana ya mfuko au kamba ya aproni. Inahitaji moyo kukitoa. Mara nyingi ndicho chekundu kizuri kuliko vyote mezani, na si bahati mbaya: wekundu ule mzito ulipatikana kwa kumiminiwa rangi nyingi kuliko uzi ulivyoweza kupokea.

Vile vya chapa ya upande mmoja vina tabia yao. Baadhi yake rangi haikuingia ndani ya uzi hata kidogo, imegandishwa juu kwa gundi. Hivyo havichuji majini, vinapukutika kwa kusuguliwa. Shahidi mweupe atavipitisha, lakini ukivisugua na kitambaa kikavu vinaacha alama. Hivyo mtihani ni miwili, wa maji na wa kusugua, na anayefanya mmoja tu atashangaa siku moja.

Yote haya yanakula maji. Anayesoma haya akiwa na bomba jikoni huenda asione ukubwa wa sadaka. Karai dogo halifai, kwa kuwa rangi iliyobanwa kwenye maji machache hurudi kwenye kitambaa chochote kilicho karibu. Maji mengi huiweka mbali mpaka imwagwe. Mengi maana yake madumu, na dumu lina mtu aliyelibeba. Walio karibu na mito inayoshuka Rwenzori wana bahati, maji yao huleta povu upesi. Ukishuka upande wa kreta na maziwa ya chumvi, sabuni inagoma, na kufua kunakuwa kazi mara mbili. Nimeona fundi akipanga kufua vyekundu vyote siku moja, akianza na vilivyopauka na kumalizia na vizito katika maji yaleyale, ili dumu moja lihudumie vipande vingi. Hesabu hiyo haimo katika bei ya mfarishi, na mnunuzi hapa huuliza bei ya kitambaa na ya uzi tu.

Kuna hasara nyingine ambayo mafundi wengi huitaja wanapokataa kufua kwanza. Kitenge kikishafuliwa kinapoteza ule ugumu wa kiwandani, kinalegea chini ya mkasi, na kona za viraka zinakwenda kombo. Wana haki. Lakini Kasese ni nchi ya muhogo. Wanga wake ukipikwa mwepesi, kitambaa kikachovywa na kupigwa pasi kabla hakijakauka vizuri, kinasimama kuliko kilivyokuwa dukani. Tena kufua kwanza kunamaliza ugomvi wa kusinyaa. Pamba husinyaa kwa viwango tofauti. Kiraka kilichokwisha kusinyaa hakimkunji jirani yake baadaye. Kwa mfarishi uliotoka kwenye gunia la viwanda vingi tofauti, hilo tu lingetosha kuhalalisha karai.

Mfarishi ukishakamilika kanuni inageuka. Moto ulikuwa wa kabla ya sindano. Baada yake ni maji baridi, mengi, sabuni kidogo, na haraka. Usiloweke usiku kucha. Usiuache umekunjwa kibichi ndani ya beseni ukienda kupiga soga, kwani rangi huhamia pale kitambaa kibichi kinapokaa kimelalia kitambaa kibichi. Uanike umetandazwa, kivulini, upande wa ndani ukitazama nje, kwa sababu jua la Kasese lina uadui wake na rangi hata zile zilizofungwa barabara.

Na ukichuja hata hivyo? Hutokea. Uzi wa kushonea wenyewe unaweza kuwa msaliti, hasa mweusi wa bei rahisi, ambao hakuna anayekumbuka kuupima. La kwanza ni kutouanika. Doa la rangi ya jirani, kabla halijakauka na kupigwa jua, bado ni mgeni. Rudisha mfarishi wote majini, maji ya moto safari hii, mengi kadiri karai linavyobeba, na sabuni, uache uelee bila kubanana, ubadilishe maji mpaka shahidi mweupe atoke salama. Inaweza kuchukua siku nzima na madumu ya wiki. Jiki usiiguse: itaondoa doa, itaondoa na ua la kitenge, na pamba iliyozunguka itaanza kuchanika kwenye mishono kabla ya msimu wa mvua. Iache kwa ajili ya sakafu.